Thairoidi inapogeuka: namna ya kuishi na Graves na Hashimoto katika shingo moja

Mgonjwa aliyeambiwa thairoidi yake imepanda na yule aliyeambiwa yake imeshuka hukaa benchi moja nje ya kliniki, kila mmoja akiamini kwamba ugonjwa wake ni kinyume cha ugonjwa wa mwenzake. Mmoja amekonda, jasho linamtoka hata kwenye baridi ya Njombe, moyo unamwenda mbio na usingizi haupati. Mwingine ananenepa bila kula sana, anasinzia mchana, choo kimekuwa kigumu, ngozi imekauka na nywele zinabaki kwenye kitana. Dawa zao hazifanani hata kidogo. Ukiwabadilishia utawaumiza wote wawili. Ila chanzo, kwa wengi wao, ni kimoja: kinga ya mwili imeigeukia tezi ya thairoidi.

Kwa sababu chanzo ni kimoja, Graves, ugonjwa unaoilazimisha tezi kufanya kazi kupita kiasi, na Hashimoto, ugonjwa unaoimaliza tezi taratibu, yanaweza kukaa katika mwili mmoja. Mtu huweza kuanza na hili akaishia na lile, na wachache huenda na kurudi. Ushauri wangu wa kwanza, unaobeba mingine yote, ni huu: usiling'ang'anie jina uliloandikiwa kwenye faili. Fuatilia tezi inafanya nini sasa, inafanya hivyo kwa nini, na inaelekea wapi.

Majina yenyewe yamechangia kuwachanganya watu. Daktari Robert Graves wa Dublin aliandika mwaka 1835 kuhusu wanawake waliokuwa na moyo wa kasi na uvimbe wa shingo. Karl von Basedow, Mjerumani, akaandika habari hizohizo mwaka 1840. Ndiyo maana ukitibiwa Goma, Lubumbashi au Bujumbura, kwa madaktari waliosoma kwa Kifaransa, karatasi yako inaweza kusema Basedow, na ukivuka kwenda Kigoma au Kampala ukaambiwa una Graves. Usidhani umeongezewa ugonjwa wa pili. Hakaru Hashimoto naye alikuwa daktari wa upasuaji huko Fukuoka, Japani, alipoeleza mwaka 1912 tezi za wanawake wanne zilizokuwa zimejaa chembe nyeupe za damu. Njia ya kuyaunganisha magonjwa haya mawili ilianza kufunguka mwaka 1956. Mwaka huo, London, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao walionyesha kwamba wagonjwa wa Hashimoto wana kingamwili zinazoishambulia thairoidi yao wenyewe. Na mwaka huohuo, New Zealand, Adams na Purves wakakuta katika damu ya wagonjwa wa Graves kitu kinachoichochea tezi kwa muda mrefu kuliko TSH, homoni ya kawaida inayoiamuru tezi. Baadaye ikajulikana kwamba kitu hicho nacho ni kingamwili.

Ili mbinu zinazofuata zieleweke, inabidi kujua kidogo kinachotokea. Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, hutoa TSH, ambayo ndiyo amri ya kuitaka thairoidi itengeneze homoni zake, T4 na T3. Homoni zikipungua, TSH hupanda. Zikizidi, TSH hushuka. Katika Hashimoto, chembe za kinga huingia ndani ya tezi na kuiharibu, na kingamwili za TPO huonekana kwenye damu ya wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10. Katika Graves, kingamwili nyingine, TRAb, hukaa pale ambapo TSH hukaa. Fikiria kitasa chenye funguo mbili bandia: mmoja ukiingia unafungua mlango na kuuacha wazi, mwingine ukiingia unaziba tundu na mlango haufunguki tena. Kuna TRAb zinazochochea na kuna TRAb zinazozuia, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote. Zikizidi zinazochochea, atakonda na kutetemeka. Zikizidi zinazozuia, atapoa na kuvimba uso. Uwiano wao hubadilika kwa miezi na miaka, na hapo ndipo anapopatikana yule mgonjwa ambaye kila kliniki humpa jina tofauti.

Na hata wagonjwa wa Graves, walio wengi, wana kingamwili za TPO. Kwa hiyo kuandikiwa "TPO chanya" peke yake hakukuambii una ugonjwa upi kati ya hayo mawili. Kunakuambia kwamba kinga imo ndani ya tezi, basi.

Karatasi ya maabara

Nunua daftari moja, liwe la thairoidi tu. Kila ukipima, andika tarehe, jina la maabara, TSH, T4 huru, T3 ikiwa imepimwa, dawa uliyokuwa ukitumia siku hiyo na kiasi chake, na mpaka wa kawaida uliochapwa pembeni ya jibu. Huo mpaka wa pembeni ndio watu wanaousahau, na ndio unaowatia hofu bure. Chukua mfano. Maabara moja imekupa T4 huru ya 31. Mwezi uliofuata maabara ya pili ikakupa 2.4. Ukitazama tarakimu tu utadhani umepona ghafla au umeporomoka. Ukitazama vizio utaona ya kwanza imeandikwa kwa pmol/L na ya pili kwa ng/dL, na kwamba 2.4 ukiizidisha kwa 12.87 unarudi palepale, 31. Hujaenda popote. Ikiwezekana, pimia maabara ileile kila mara, hasa unapopimwa kingamwili, kwa sababu mashine hazitumii mizani moja.

Pesa ikiwa haba, panga vipimo kwa akili. TSH na T4 huru ndivyo vya kurudiarudia. TPO inatosha kupimwa mara moja. Ikishakuwa chanya, kuifuatilia kila baada ya miezi mitatu kuona kama imeshuka kutoka 600 hadi 480 ni kuitajirisha maabara, maana dawa hazipangwi kwa namba hiyo. TRAb ni ghali zaidi na si kila maabara inaipima, lakini ina nyakati zake ambazo haifai kuikwepa: wakati homoni zimezidi na sababu haijulikani, kabla ya kuachishwa dawa za Graves, na wakati wa ujauzito.

Halafu kuna vidonge vya nywele na kucha. Mtu ambaye nywele zinamkatika, na magonjwa yote mawili ya thairoidi hukatisha nywele, huenda dukani akanunua biotini, mara nyingi ya miligramu 5 au 10. Biotini nyingi huzivuruga baadhi ya mashine za maabara: TSH inasomeka chini, T4 inasomeka juu, hata TRAb inaweza kusomeka chanya. Kwenye karatasi unatoka na Graves kamili ambayo haimo mwilini. Acha vidonge hivyo angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu, na mwambie anayekutoa.

Inatengenezwa, au inavuja?

Hili ndilo swali ninalotaka kila mwenye homoni zilizozidi amuulize daktari wake, kwa maneno hayohayo. Tezi huhifadhi homoni za wiki kadhaa. Kinga ikiivamia ghafla, akiba hiyo humwagika kwenye damu na mtu huonekana kama ana Graves: moyo mbio, mikono inatetemeka, TSH imezama. Akiba ikiisha, homoni hushuka zenyewe, mara nyingi zikapitiliza hadi upungufu. Katika Graves ya kweli hakuna kinachovuja. Tezi inatengeneza usiku na mchana.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu kabimazoli, dawa inayotumika zaidi kwetu kwa Graves, huzuia utengenezaji. Haiwezi kurudisha kilichokwisha kumwagika. Mwenye mvujo akipewa kabimazoli hapati nafuu aliyoahidiwa, kisha tezi inapochoka anajikuta anasukumwa kwenye upungufu haraka zaidi. Anachohitaji mara nyingi ni propranololi ya kutuliza moyo na mtetemo kwa wiki chache, kama hana pumu, na vipimo vya kurudia. TRAb chanya huelekea Graves. Macho yaliyotokeza huelekea Graves. Ultrasaundi inayoonyesha damu nyingi ikizunguka ndani ya tezi huelekea Graves. Kwenye hospitali zenye mashine za tiba ya nyuklia, picha ya tezi hukata mzizi wa fitina: tezi ya Graves hufyonza dawa ya picha kwa wingi, inayovuja haifyonzi karibu chochote. Mama anayenyonyesha aseme mapema, kwa kuwa picha hiyo ina masharti yake.

Na akina mama ndio wanaoangukia hapa zaidi. Takriban mwanamke 1 kati ya 20 hupata uvimbe wa thairoidi wa baada ya kujifungua ndani ya mwaka wa kwanza. Huanza na kipindi cha homoni nyingi, kati ya mwezi wa kwanza na wa sita, kisha huja kipindi cha upungufu, mara nyingi kati ya mwezi wa nne na wa nane. Wengi hurudi kawaida. Wengine hubaki na upungufu wa kudumu. Sasa mfikirie mzazi huyo nyumbani. Miezi mitatu anakonda, wakwe wanasema mtoto anammaliza kwa kunyonya. Miezi sita analia bila sababu, hawezi kuamka, baridi imemwingia mifupani, wanasema ni uvivu, au ni mashetani, au amekosana na mumewe. Kipimo cha TSH kingelimaliza suala hilo kwa asubuhi moja. Aliyekuwa na TPO chanya kabla ya kujifungua, au mwenye kisukari aina ya kwanza, apange kupimwa mwezi wa tatu na wa sita hata kama anajisikia vizuri.

Mtu anapohama

Kuhama kutoka Graves kwenda upungufu ndiko kwa kawaida. Wengine hufika huko kwa matibabu, wengine kwa sababu Hashimoto iliyokuwa imejificha imeimaliza tezi miaka kadhaa baada ya kabimazoli kuachwa. Mwenye Graves iliyotulia asiseme ameaga. Apime TSH walau mara moja kwa mwaka.

Kuhama kinyume chake, kutoka Hashimoto kwenda Graves, ni nadra, na kwa kuwa ni nadra huchelewa kutambuliwa. Hivi ndivyo kunavyojitokeza: mtu ametumia levothairoksini, dawa ya kujazia homoni zilizopungua, ya mikrogramu 100 kwa miaka, ametulia, kisha anaanza kukonda na kutokwa jasho. TSH inapimwa, imezama. Dozi inapunguzwa hadi 75, hadi 50. Bado. Lawama humwangukia mgonjwa, kwamba anameza vidonge viwili kwa siku au amebadilisha chapa. Lakini mtu ambaye amesimamishiwa levothairoksini kabisa, wiki 6 hadi 8 zimepita, na T4 yake bado iko juu, hamezi kitu. Tezi yake yenyewe ndiyo inayotengeneza. Huyo apimwe TRAb.

Kuna mambo unayoweza kuyaangalia nyumbani kati ya kliniki moja na nyingine, yasiyogharimu senti. Hesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla hujanyanyuka kitandani, kwa dakika nzima, siku tatu mfululizo. Yakiwa 70 mwezi uliopita na sasa ni 95 kila siku, kuna jambo. Nyoosha mikono mbele, vidole vimetanuliwa, mtu akuwekee karatasi nyepesi juu ya vidole: mtetemo ambao macho hayauoni, ukingo wa karatasi unauonyesha. Simama mbele ya kioo ukiwa na glasi ya maji, inua kidevu kidogo, umeze, utazame chini ya kikoromeo. Uvimbe wa thairoidi hupanda na kushuka pamoja na mmezo. Kwa macho, tumia picha yako ya pasipoti ya miaka miwili iliyopita. Weupe ukionekana juu ya mboni ambapo zamani kope ilifunika, mweleze daktari. Andika yote kwenye lile daftari, kando ya namba za maabara.

Macho yanastahili neno la ziada, kwa kuwa hufuata njia yao. Ugonjwa wa macho wa thairoidi huwapata zaidi wenye Graves, lakini hata mwenye Hashimoto anaweza kuupata, na hata mtu ambaye homoni zake ziko sawa kabisa. Sigara huuongeza vibaya. Katika yote ninayoshauri hapa, kuacha sigara ndiko kunakolipa zaidi kwa mwenye macho yaliyoanza kuwasha, kuwa mekundu au kuhisi mchanga. Kuona vitu viwiliviwili, au rangi kufifia katika jicho moja, hakusubiri tarehe ya kliniki.

Vidonge

Levothairoksini ni dawa rahisi iliyozungukwa na makosa. Imeze kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, kisha subiri nusu saa hadi saa moja kabla ya chai, hasa chai ya maziwa na kahawa. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki ya wajawazito, vidonge vya kalsiamu na dawa za kiungulia vikae mbali nayo kwa saa nne. Anayetumia omeprazoli kwa muda mrefu anaweza kuhitaji dozi kubwa zaidi. Mwezi wa Ramadhani, wengi huimeza usiku wanapolala, saa tatu au nne zikiwa zimepita tangu mlo wa mwisho, badala ya kubanana na daku. Kubaliana na daktari kabla ya mwezi kuandama na usibadilibadili katikati. Usiiweke juu ya friji wala kwenye kabati la jikoni. Joto la Dar es Salaam au Mombasa huiharibu ikiwa imetolewa kwenye paketi yake.

Nusu ya dozi hubaki mwilini hata baada ya siku 7, ndiyo maana kupima TSH wiki mbili baada ya kubadilishiwa dozi ni kupoteza fedha. Subiri wiki 6 hadi 8. Kwa kabimazoli hali ni nyingine: T4 na T3 zinaweza kurudi kawaida huku TSH ikiwa bado imezama kwa miezi, kama pituitari haijaamka. Daktari asiyezoea akiitazama TSH peke yake ataongeza kabimazoli mpaka akuzamishe. Muulize T4 inasemaje.

Hatari ya kabimazoli ambayo kila mmezaji anapaswa kuikariri ni kuporomoka kwa chembe nyeupe za damu. Ni nadra, hutokea zaidi katika miezi ya mwanzo, na dalili yake ni homa pamoja na koo kuuma au vidonda mdomoni. Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hapo ndipo watu hupotea: wanameza dawa ya malaria na kabimazoli kwa pamoja. Acha kabimazoli siku hiyohiyo, nenda ukapimwe picha kamili ya damu, ile inayoandikwa FBP, na upime malaria vilevile. Ngozi au macho kuwa ya manjano nayo ni sababu ya kuiacha dawa na kwenda hospitali.

Yanayokuja pamoja

Kinga iliyoikosea thairoidi inaweza kukosea pengine. Madoa meupe ya vitiligo, nywele kutoka kwa viraka vya mviringo, kisukari aina ya kwanza, upungufu wa vitamini B12 kwa sababu tumbo haliinyonyi, lupasi, baridi yabisi: haya huonekana kwa wagonjwa wa thairoidi zaidi ya kwa watu wengine. Sishauri mtu akimbie kupima yote. Shauri langu ni kuyajua, ili ganzi ya miguu na ulimi unaowaka visilaumiwe kwa thairoidi wakati homoni ziko sawa.

Moja tu ndilo la kuhofiwa kweli, ugonjwa wa Addison, ambapo tezi zilizo juu ya figo nazo zimeharibiwa. Mtu mwenye upungufu wa homoni za thairoidi hunenepa, au hubaki alivyo. Akiwa anakonda, anatapika, presha iko chini, anatamani chumvi, na mikunjo ya viganja na fizi zimekuwa nyeusi kuliko zilivyokuwa, asianzishiwe levothairoksini kabla ya kupimwa kotisoli, homoni ya tezi hizo za juu ya figo. Levothairoksini huharakisha matumizi ya kotisoli, na asiyekuwa nayo anaweza kuzimia na kufa.

Niwataje pia wanaotumia dawa za kufubaza VVU, kwa sababu habari hii haiwafikii. Kinga inapojijenga upya, mara nyingi mwaka mmoja hadi mitatu baada ya kuanza dawa, baadhi hupata Graves. Mtu aliyekuwa amenawiri anaanza tena kukonda, na yeye mwenyewe na majirani wanahitimisha kwamba dawa zimeshindwa. CD4 yake imepanda, virusi havionekani. Aombe TSH.

Kuhusu chakula, kelele ni nyingi kuliko haja. Kabichi na sukuma wiki za kawaida hazimdhuru mwenye madini joto, yaani ayodini, ya kutosha. Goita za Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu kilichochunguzwa kwa miaka mingi, zilitokana na uhaba wa madini joto ukichanganyika na muhogo usiotayarishwa vizuri. Kinga haikuhusika, na kwao madini joto yalikuwa tiba. Lakini madini hayohayo yakizidi ghafla huweza kuamsha tezi iliyolala, kama ilivyoonekana Kivu na Zimbabwe katika miaka ya 1990. Tumia chumvi ya kawaida ya dukani. Matone ya ayodini na vidonge vya mwani vinavyouzwa kwa jina la kusafisha thairoidi, viache dukani. Mwenye Graves au Hashimoto ndiye wa mwisho anayevihitaji.

Kabla ya kuiondoa tezi

Kozi ya kabimazoli kwa Graves huchukua miezi 12 hadi 18, na karibu nusu ya wagonjwa hurudiwa baada ya kuacha. Kwa aliyerudiwa, na kwa yule ambaye homoni zake zinayumba huku na huku kiasi kwamba hakuna dozi inayokaa, suluhisho la kudumu ni upasuaji au ayodini yenye mionzi. Baada ya hapo ni levothairoksini maisha yote. Wengi huliogopa hilo neno "maisha yote". Gail Devers, mkimbiaji wa Marekani, aligunduliwa kuwa na Graves mwaka 1990, akatibiwa kwa mionzi na kubaki mtu wa vidonge. Mwaka 1992 alishinda dhahabu ya mita 100 kwenye Olimpiki za Barcelona, na tena Atlanta 1996. Upungufu unaotabirika ni rahisi kuutibu kuliko ugonjwa unaogeuka kila msimu. Ayodini ya mionzi isitumike kwa mjamzito wala anayenyonyesha, mwanamke asubiri angalau miezi 6 kabla ya kushika mimba, na macho yakiwa yameshaathirika daktari ajulishwe, kwani yanaweza kuzidi.

Kuiondoa tezi hakuondoi kingamwili. TRAb zinaweza kubaki damuni kwa miaka, zikiwa hazina tezi ya kuchochea, isipokuwa mama akishika mimba: hupita kwenye kondo na kuikuta tezi ya mtoto. Hivyo mwanamke aliyewahi kuwa na Graves, hata kama alipasuliwa zamani na leo kadi yake inasema ana upungufu tu, aseme kliniki ya wajawazito siku ya kwanza, na TRAb ipimwe mapema kwenye ujauzito, irudiwe ikiwa iko juu. Anayetumia levothairoksini huhitaji kuongezewa dozi mara mimba inapothibitika. Akubaliane na daktari kabla hajashika mimba, mara nyingi ni vidonge viwili vya ziada kwa wiki, kisha vipimo kila wiki nne katika nusu ya kwanza ya ujauzito. Anayetumia kabimazoli aende hospitali hedhi inapochelewa tu, asisubiri tumbo lionekane, kwa kuwa madhara ya dawa hiyo kwa mtoto hutokea zaidi kati ya wiki ya 6 na ya 10, na huenda akabadilishiwa dawa au akasimamishiwa.

Mkunga naye aambiwe, na mtoto apimwe thairoidi katika siku za mwanzo na tena ndani ya wiki mbili. Kama mama alikuwa anameza dawa ya Graves hadi mwisho, dawa hiyo hubaki kwa mtoto siku kadhaa na kuficha dalili. Mkisharuhusiwa kurudi nyumbani, mtoto anayenyonya vizuri lakini hanenepi, asiyetulia, anayetokwa na jasho na ambaye moyo wake unadunda kwa kasi hata akiwa amelala, mrudisheni hospitali, na yule atakayempokea aelezwe kwanza kabisa kwamba mama amewahi kuwa na Graves.